Kwaya ya Mzee Rudia

Alhamisi ya kwanza baada ya maziko hakuna aliyewaambia wabaki, lakini walibaki. Kengele ya kutoka ililia, cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka sakafu ikaacha kutetemeka, na badala ya kuchukua mikoba yao na kukimbilia langoni, washonaji wakaanza kuzifunika mashine kama walivyofanya kila Alhamisi. Wakasukuma majora ya khaki na ya bluu yakaegemea ukuta, ukapatikana uwanja. Kisha wakasimama pale katikati kama watu walioingia chumbani kuchukua kitu wakasahau ni kitu gani.

Mkataji wa vitambaa alikuwa bado mezani kwake, chaki mkononi. Ni yeye aliyefiwa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumtazama moja kwa moja. Alikuwa amerudi kazini mapema kuliko alivyoshauriwa, maana nyumbani kulikuwa na ukimya wa kutisha, hata bomba likidondosha tone la maji jikoni ulilisikia kutoka chumbani. Hapa karakana angalau kulikuwa na kelele, na kola za sare za shule hazikumuuliza mtu anaendeleaje.

Mumewe alikuwa fundi wa cherehani mahali hapohapo. Kutwa alipita katikati ya mashine, bisibisi nyuma ya sikio, akitia mafuta hapa, akikaza mkanda pale. Kitambulisho chake kilikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini karakana nzima ilimwita Mzee Rudia, na yeye akaitika. Jina hilo lilitokana na kwaya.

Kwaya aliianzisha yeye, na wimbo alitunga yeye. Nyimbo nyingine waliimba za kupashia sauti moto, lakini wimbo wa kwaya ulikuwa mmoja. Ulihusu mtu anayerudi kwao kutoka mbali. Katika nusu ya kwanza yuko safarini, anawasihi walio nyumbani:

*Acheni mlango wazi, msiukomee,*
*nakuja polepole, ningali njiani.*

Katika nusu ya pili amekwisha kufika. Anaomba maji ya kunawa, anauliza nani amekua na nani hayupo. Kwenye neno lile "njiani", sauti nne zilizokuwa zikienda kila moja kivyake zilitakiwa zikutane mahali pamoja. Na hapo ndipo Mzee Rudia alipogonga meza kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, akafumba macho kama mtu aliyebanwa na kiatu, akasema kwa upole, kama anayemwomba jirani chumvi, "Mmefika mapema. Rudieni."

Wakarudia. Akagonga. Wakarudia.

Nusu ya pili aliwafundisha pia, siku nyingine, peke yake, na waliijua vizuri. Lakini kuvuka kutoka nusu ya kwanza kwenda ya pili bila kusimama, hilo hakuwahi kuwaruhusu. Miaka ikaenda hivyo. Waliojiunga wakiwa wasichana waliolewa, wakazaa, wakarudi, wakaukuta wimbo palepale walipouacha. Mlinzi wa lango alikuwa na utani wake kila Alhamisi wakitoka.

"Vipi, msafiri wenu amefika leo?"

"Bado."

"Basi huyo ama anatambaa, ama kuna mwanamke amemweka mahali."

Mjini palikuwa na mashindano ya kwaya za kazini, kila mwaka baada ya mvua. Kila mwaka walimwomba wajiandikishe, na kila mwaka Mzee Rudia alisema mwakani. Wengine walichoka, wakaacha. Waliobaki walinung'unika, na Alhamisi iliyofuata walikuwa wa kwanza kufunika mashine.

Asubuhi aliyokufa alikuwa ameketi nyuma ya mashine iliyokuwa ikisumbua, ameweka sikio juu ya meza yake. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: alilaza kichwa, akasikiliza chuma kinasema nini, ndipo akashika bisibisi. Kwa hiyo hakuna aliyemsumbua. Mshonaji wa mashine ile alisubiri kwa adabu, mikono mapajani. Mkataji mwenyewe alimwona kutoka mezani kwake, akatabasamu, akaendelea kupiga chaki. Ilipita muda mrefu kabla ya mtu kumgusa bega.

Sasa walikuwa wamesimama uwanjani pao, na aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo alikuwa wifi yake mkataji, dada wa marehemu, mshona kola, mwanamke mwembamba mwenye sauti kali ya kwanza na ulimi mkali zaidi.

"Jamani, tutasimama kama nguzo za umeme mpaka lini?"

Akaingia katikati ya uwanja.

"Mimi nina neno. Kaka yangu amelala, lakini msafiri wake yuko barabarani. Miaka yote hii mlango umeachwa wazi, mbu wameingia, wezi wameingia, yeye hajaingia. Mwaka huu tunajiandikisha. Tunauimba mpaka mwisho, mara moja, mbele za watu, ajue huko aliko kwamba umefika. Baada ya hapo kila mtu apumzike kwake Alhamisi. Tumetumika vya kutosha."

"Tuvunje kwaya?" aliuliza mpiga pasi. Huyu alikuwa pandikizi la mtu, na kwa sauti yake ya besi walimwita Ngurumo.

"Tusivunje. Tumalize. Kuna tofauti."

Wakatazamana. Wazo lilikuwa na haki yake. Kichwa kimoja kikakubali, kikafuata kingine, mwishowe wote wakamgeukia mkataji, naye akaitikia. Tena aliitikia kwa moyo. Ilimjia kwamba huenda hicho ndicho alichokuwa akikidai usiku alipojinyoosha upande wake wa kitanda na kuuacha ule mwingine ukiwa umetandikwa: kitu kifike mwisho. Wimbo ukifika, alifikiri, na mimi nitafika mahali.

"Na atakayetuongoza?" aliuliza Ngurumo.

"Wifi hapo," alisema wifi. "Ndiye aliyekuwa akilala naye. Asipojua yeye alichokuwa akikitaka, atajua nani?"

Mtu mmoja akapiga kicheko, akajiziba mdomo, akawaambukiza wengine. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba, na mkataji mwenyewe alicheka mpaka akashika meza.

*

Miaka yote alikuwa ameimba sauti ya pili, mstari wa nyuma, kati ya wapachika vifungo wawili. Kusimama mbele ya watu aliona kama amevalishwa viatu vya mwingine. Bisibisi hakuitaka, iko nyumbani, ndani ya droo, na iendelee kukaa huko. Aliongoza kwa mkono mtupu.

Walianza vizuri. Sauti ya kwanza ikatangulia, ya pili ikaifuata kwa nyuma kama mtoto anayeshika upindo wa mama yake, Ngurumo na wenzake wakaja chini. *Nakuja polepole, ningali njiani*, na kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ukapanda, ngumi ikafumbwa.

Wakanyamaza.

"Nini?" aliuliza wifi.

"Sauti ya pili," alisema mkataji. "Hamjakaa sawa. Rudieni."

Alidanganya. Hakuwa amesikia kosa lolote. Alichokuwa akikijua ni kile kimya kilichokuja baada ya kusimama. Katika kimya kile, kwa muda wa pumzi moja, chumba kilirudi kuwa kilivyokuwa: fulani alikohoa, fulani alisogeza mguu, mtu akaguna "haya tena", na wote wakasubiri kuambiwa. Na mkataji naye alisubiri. Katika upenyo ule mdogo mumewe alikuwa karibu kuwepo. Kilichobaki ni kusema tu.

Wakarudia. Mkono ukapanda.

Alhamisi ikafuata Alhamisi. Mwanzoni walimvumilia kwa sababu ya msiba wake. Akatafuta visababu: leo besi nzito, leo sauti ya tatu imelala, leo mmelitamka neno kama mnalitema. Jioni alirudi nyumbani, akapika chakula cha mtu mmoja kwa kipimo cha wawili, akala amesimama. Mumewe alikuwa na tabia ya kunawa mikono muda mrefu baada ya kazi, akisugua mafuta ya mashine kwenye kucha, na wakati ananawa alipiga mluzi wa ile nusu ya pili, ya maji ya kunawa, nzima, bila kukatiza. Siku moja mkataji alimuuliza, "Mbona wewe unaimaliza, na sisi hutuachi?" Akajibu kwamba chai inapoa. Alikuwa mtu wa hivyo. Mkataji alijua saizi ya shingo yake, alijua ni goti lipi lililomsumbua wakati wa baridi, lakini mambo mengine aliondoka nayo.

Zilipobaki siku chache mashindano yafike, wifi alimfuata kwenye chumba cha pasi, wakati Ngurumo ametoka kwenda kunywa maji. Mvuke ulikuwa umejaa humo, madirisha yakitoka jasho.

"Wifi, niambie kweli. Pale unasikia nini?"

"Nasikia kosa."

"Kosa gani?"

Mkataji alikunja shati ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

"Husikii kitu," alisema wifi. "Mimi nimeimba sauti ya kwanza tangu sina mvi hata moja. Najua likiwepo kosa. Wewe unamtafuta kaka."

"Na wewe humtafuti?"

"Namtafuta sana!" Sauti ya wifi ilipanda mpaka ikajigonga darini, akaishusha. "Namtafuta mpaka kwenye migongo ya watu sokoni. Juzi nimemfuata mzee wa watu duka zima kwa sababu ya kisogo chake, akadhani nataka kumwibia. Lakini wifi yangu, kumtafuta kwako kunatuacha barabarani sisi sote. Nataka niufikishe wimbo wa ndugu yangu. Nipe hilo tu. Siku yenyewe, usipandishe mkono."

Mkataji aliuangalia mkono wake kama anayemwangalia mbwa wa jirani anayeruka uzio.

"Sitaupandisha," alisema.

"Apa."

"Wifi, mimi si mtoto. Sitaupandisha."

*

Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye viti vya kukunja vilivyopiga kelele kila mtu alipovuka miguu. Waoka mikate waliimba wakiwa na kofia zao nyeupe. Wauguzi waliimba kwa kucheza, wakapigiwa vigelegele. Kwaya ya karakana ilisubiri nyuma ya pazia katika nguo walizojishonea wenyewe kwa vitambaa vilivyobaki, khaki chini, bluu juu.

"Tunaonekana kama wanafunzi walioshindwa mtihani mpaka wakaota mvi," alisema Ngurumo, akivuta shati lililombana tumbo.

"Wewe kaptura ndiyo ingekufaa," wifi alimjibu. "Simama wima."

Mkataji alisimama mbele yao, mgongo kwa watu. Kila kwaya ilikuwa imepewa wimbo mmoja, na mwanamke mwenye miwani aliketi pembeni na kengele ya mezani ya kuwakatiza watakaozidisha muda. Mkataji aliwaonyesha waanze, kisha akaushusha mkono wa kuume akaubandika pajani, akaongoza kwa wa kushoto, ambao haukuwa na mazoea yoyote mabaya.

Walianza, na waliimba vizuri kuliko siku yoyote. Labda ni woga, labda ni ukumbi wenyewe, maana ulizichukua sauti ukazirudisha zikiwa zimenona. Aliwaona wanavyotazamana kwa pembe za macho kwa furaha. *Acheni mlango wazi.* Watu nyuma yake waliacha kupapasa viti. *Msiukomee.* Mkono wa kuume ulitulia pajani, aliubana, aliusikia unavyotoa jasho. *Nakuja polepole.* Sasa wanavuka, alijiambia. *Ningali njiani.*

Wakanyamaza.

Wote. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi, kwa pamoja, kama mashine zinapokatikiwa umeme. Wifi alikuwa bado ameachama. Mkono wa mkataji haukuwa umesogea hata kidogo.

Aliwatazama nyuso. Vichwa vyao vilikuwa vimeinama upande mmoja, kidogo tu, vikisubiri. Ndipo alipofahamu kwamba wiki zote zile, alipojificha ndani ya kimya kile akidhani ni chake peke yake, wenzake wote walikuwa humo pamoja naye.

Mtu mmoja ukumbini akaanza kupiga makofi, akidhani umekwisha. Wachache wakamfuata, wakasita.

"Asanteni sana," alisema mwanamke mwenye miwani. "Ndio mwisho, au?"

Hapo ingetosha mkataji kuwaashiria waendelee. Alikuwa amekwisha kuunyanyua mkono wa kushoto. Lakini Ngurumo, ambaye kwa sauti yake hakuwahi kunong'ona kitu kisisikike mpaka barabarani, alimwinamia jirani yake akasema, "Tumefika mapema."

Basi. Mpachika vifungo mmoja alipasuka kwa kicheko, wa pili akamfuata, wifi akajaribu kuwakazia macho na mabega yake yenyewe yakaanza kutikisika. Walicheka mpaka machozi, watu wazima wamevaa khaki jukwaani, na kila mmoja aliyejaribu kushika sauti alitoa mlio wa filimbi. Kengele ikalia. Wakatoka jukwaani wakiwa wameshikana kama walevi.

Nje, nyuma ya ukumbi, kulikuwa na matangi ya maji na kreti tupu za soda. Kicheko cha wifi kiligeuka kilio hapo. Aliketi juu ya kreti, sketi ya khaki ikiburura vumbini.

"Mkono wako haukupanda," alisema.

"Haukupanda."

"Nilikuwa nauangalia. Sikuuondolea macho. Haukupanda."

"Sikuupandisha, wifi."

"Basi ni nani aliyenisimamisha mimi?"

Mkataji aliketi kwenye kreti ya pembeni. Ndani ya ukumbi kwaya nyingine ilikuwa imeanza, wimbo wa haraka wenye makofi.

"Mwanamume yule," alisema wifi, akijifuta pua kwa upindo wa mkono. "Amekufa, na bado anatugongea meza."

Baada ya muda akaongeza, kwa sauti iliyochoka, "Haya. Tuliahidiana tukiimba hapa tunapumzika. Tumeimba. Vyovyote ilivyokuwa, tumeimba."

Mkataji aliokota kizibo cha soda, akakizungusha vidoleni. Alikuwa amefikiri atalizwa na wimbo kutofika. Kumbe kilichomkata maini ni lile jambo la kupumzika Alhamisi.

*

Alhamisi iliyofuata, kengele ya kutoka ilipolia, mkataji hakuinua macho. Alikuwa na tabaka nene la kitambaa mbele yake, akalipiga chaki mikono mirefu, mikono mifupi, mifuko. Hakutaka kuwaona wakichukua mikoba. Alisikia mashine zikizimwa. Alisikia viti, nyayo, mtu akimuuliza mwenzake kama ana chenji, mlango ukifunguliwa, na karakana ikitulia kwa utulivu uleule wa nyumbani kwake. Akaendelea kuchora mfuko. Mstari ulienda kombo, akaufuta kwa kiganja, akauchora upya.

Kisha akasikia jora likiburutwa.

Alikuwa Ngurumo, amelikumbatia kama mgonjwa, akilipeleka ukutani. Mpachika vifungo mmoja alikuwa akifunika cherehani. Mwingine alirudi kutoka mlangoni, mkoba begani, akasema eti amesahau mwavuli, akauweka mkoba chini na wala hakuutafuta mwavuli. Wifi alikuwa amesimama dirishani amewapa mgongo.

"Mimi basi langu limechelewa," alisema, bila mtu kumuuliza.

Hakuna aliyesema waanze. Walianza kwa sababu walikuwa wamesimama walipozoea kusimama. Mkataji alikwenda mbele, mikono imeanguka ubavuni, hakuonyesha chochote, si kuacha wala kuendelea. *Ningali njiani*, wakaimba, na wakapita. Hakuna aliyejua walivyopita. Walijikuta upande wa pili, wakishikiliana kwa sauti kama watu wanaovuka kijito kwenye mawe, na msafiri akafika, akaomba maji, akanawa, akauliza nani amekua na nani hayupo, na neno la mwisho likalegea taratibu likaisha.

Walisikiliza. Taa moja ya darini ilikuwa ikivuma. Nje pikipiki ilipita.

"Ndio huo tu?" aliuliza wifi.

"Ndio huo," alisema Ngurumo.

"Mimi nilidhani nitalia."

"Mimi nilidhani nitaona kitu."

"Mimi nimesikia njaa tu," alisema mpachika vifungo, na hakuna aliyemcheka, maana alikuwa anasema kweli.

Mkataji aliyasikia hayo kwa mbali. Ndani yake palikuwa patupu kama ghala baada ya mzigo kuondoka. Bila kujikiri, alikuwa ameamini kwamba mwisho wa wimbo ule ndiko mumewe aliko. Kwamba aliwazuia miaka yote kwa sababu huko kulikuwa na kitu kizito cha kufunguliwa siku maalumu. Sasa wamefika, na kulikuwa na ukuta, majora, na vumbi la chaki. Alitaka kuketi. Alitaka amuulize yeye mwenyewe, mbele ya beseni lake la kunawia, amshike mikono ile yenye mafuta asimwachie mpaka aseme.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomkera sikioni, kidogo, kama uzi ulioachwa ndani ya kola. Kilikuwa kwenye maji ya kunawa. Alikirudia kichwani. Alikipata.

"Ngurumo," alisema. "Pale kwenye maji, unavuta pumzi katikati ya neno."

"Mimi?"

"Wewe. Mtu wa watu ametoka mbali, ana kiu, na wewe unampokonya kikombe."

"Shemeji, umeanza kunionea."

"Vuta kabla. Hebu nipeni hapo, besi peke yao."

Wakampa hapo. Kweli ilikuwa pumzi. Aliwasimamisha, na safari hii hakungoja chochote ndani ya kimya. Alikuwa na haraka ya kuwaambia. Wakampa tena. Ikakaa vizuri zaidi, na ilipokaa vizuri ilifichua uzembe wa sauti ya tatu, uliokuwa umejificha nyuma ya pumzi ya Ngurumo. Akaushughulikia huo. Mtu mmoja akaketi juu ya meza, akavua viatu. Wifi hakuzungumzia basi tena.

Ni hapo, wakiunganisha sauti zote, mkataji alipogundua jinsi mahali pale mbele palivyo. Katika mstari wa nyuma ulisikia wimbo. Hapa ulisikia watu. Alimsikia wifi yake anavyotetemeka kidogo akikaribia juu, tetemeko ambalo ulimi wake wote ule ulikuwepo kulificha. Alimsikia mpachika vifungo wa kushoto anavyomngojea wa kulia. Kila mmoja alikuwa peke yake, wazi kabisa, kama anaimba kwa ajili ya masikio yako. Na katika sauti ya pili, kati ya wale wawili, alisikia pengo. Hakuna aliyelijaza. Lilikuwa na ukubwa wake yeye.

Mumewe hakuwahi kumsifia sauti. Katika ndoa yao yote, hata siku moja. Wakati mwingine, wakiwa wanatembea kurudi nyumbani baada ya mazoezi, mkataji alikuwa akimngoja aseme lolote, naye alisema kuhusu mkanda wa mashine uliochakaa. Ilimuuma, akazoea. Na kumbe mtu yule alikuwa akisimama hapa, kwenye ubao huuhuu wa sakafu, akimsikia yeye peke yake, wazi, kila Alhamisi. Na kila alipomsikia aliomba irudiwe.

"Wifi," aliita, na sauti yake haikuwa imara. "Njoo usimame hapa."

"Nije kufanya nini? Mimi sijui kuongoza."

"Usiongoze. Sikiliza tu. Mimi naenda kwenye sauti ya pili."

Wifi alikuja mbele akikung'uta sketi, akakunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kuuziwa kitu kibovu. Wapachika vifungo walisogea mmoja huku mwingine kule, na mkataji akaingia katikati yao, mabega yakagusana. Walinukia sabuni na chuma cha vifungo. Alikuwa amesahau joto la mahali hapo.

Waliimba. Alimtazama wifi yake usoni, akaona mikono iliyokunjwa inalegea, inashuka yenyewe.

Hawakufika mbali kabla ya wifi kunyanyua kidole.

"Ngojeni," alisema, na alikuwa akimtazama mkataji kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Sauti ya pili. Hebu nyinyi peke yenu. Polepole."

Mkataji alifungua kinywa akaimba, akamtamani mumewe, na akaishika ile sauti mahali pake.